Mama Mkwe Katika Gari la Watalii

Vijana wa gereji wameniomba niwaandikie kazi ya udereva ilivyokuwa zamani, kabla sijasahau. Niliwaambia kusahau nimekwisha kuanza, kwa hiyo watapata yale tu yaliyogoma kutoka kichwani. Habari za nani alipata cheo na nani alilipwa nini sitaziandika. Mimi sikupandishwa popote isipokuwa mlimani, na huko nako nilipanda kwa gari la watu.

Ninyi mmeijua barabara ya bondeni tu, Uvira hadi Sange na kuendelea. Zamani, ukiiacha barabara ile na kukata kushoto kuelekea milimani, palikuwa na njia nyembamba ya udongo iliyopanda hadi kwenye nyumba moja ya mapumziko. Ilikuwa nyumba ya mawe, yenye baraza refu na jiko la kuotea moto katikati ya sebule. Wazungu waliokuwa wakichemka kwenye joto la ziwani walikwenda kule kupumzika. Ilikuwa na jina zuri kwenye kibao, lakini sisi wafanyakazi tuliiita Ku Baridi. Kazi yangu ilikuwa kuwapokea wageni bandarini Kalundu meli inapofika, kuwapandisha Ku Baridi, kulala kule hadi wachoke kuangalia, kisha kuwateremsha.

Siku ya kwanza nilitaka kuonekana nadhifu. Nilivaa kaptula iliyopigwa pasi na singlendi nyeupe mpya. Mimi ni mtoto wa Kalundu, nimekulia kwenye mchanga wanakoanika ndagala, dagaa wa ziwa letu, na baridi niliyoijua ilikuwa ile ya kunyeshewa mvua ukiwa unarudi nyumbani. Hakuna aliyeniambia kwamba mlima una hali yake ya hewa. Tulipofika juu meno yalikuwa yakigongana hata nikashindwa kuushika ufunguo vizuri ili kuzima gari. Mama mmoja wa Kizungu, ambaye mimi ndiye niliyetumwa kumhudumia, alinifunga blanketi, akanikalisha mbele ya moto na kuninywesha chai. Mume wake akanipiga picha. Nadhani hadi leo nimo katika albamu ya watu fulani huko ng'ambo, nimeviringishwa blanketi hadi masikioni, na chini yake pameandikwa kwamba huyu ni mtemi wa milimani.

Aliyeniokoa na aibu hiyo alikuwa Papa Kashindi, dereva wa zamani wa njia ile, mzaliwa wa Sange. Alinipa koti lake kuukuu, lililokuwa refu kiasi cha kufagia, kisha akanifundisha kazi. Alinifundisha kubeba bidoni la maji, maana radiateri ilichemka kabla ya nusu ya mlima. Alinifundisha kubeba koleo, na kipande cha mti cha kuzuia gurudumu. Lakini zaidi alinifundisha kona ya tatu. Kona ile gari halikuweza kuikata mara moja. Ulisogea mbele hadi pua ya gari iguse ukuta wa mlima, kisha ukarudi nyuma kuelekea korongo, kisha ndipo ukapinda na kuendelea. Pembeni mwa korongo Papa Kashindi alikuwa amezika jiwe kubwa na kulipaka chokaa. Gurudumu la nyuma likiligusa, umefika mwisho wa dunia, weka vitesi, yaani gia, ya kwanza uende.

"Hapa macho yako ikuwe mu kioo," aliniambia, akinigongea kile kioo cha ndani kwa kucha. "Mbele haiko kitu, ni mulima tu. Kifo njo iko nyuma. Unasikia, weye?"

"Ninasikia, Papa."

"Kusikia haifai kitu. Angalia."

Njia ilikuwa nyembamba hata magari mawili yasipishane. Kwa hiyo kulikuwa na barieri, mti wa kufungia njia, chini na nyingine juu, na kila barieri ilikuwa na mlinzi mwenye ngoma. Asubuhi magari yalipanda, alasiri yakashuka. Mlinzi wa chini akipiga, wa juu alijua kuna gari linakuja, naye hakumruhusu mtu kushuka hadi alione kwa macho yake. Siku hizi nawaona mkipiga honi kwenye kona na kumwachia Mungu. Nasema tu.

Watalii niliwazoea, ila sikuwahi kuwaelewa. Walitoka nchi ya baridi, wakavuka bahari kuja kwenye jua, kisha wakanilipa mimi niwaondoe kwenye jua niwapeleke kwenye baridi, na huko wakawasha moto. Asubuhi walikaa barazani na darubini, wakaangalia bonde la Ruzizi, milima ya ng'ambo ya Burundi, na ziwa likipotelea kule kusini. Mimi nilisimama nyuma yao na kuwaeleza. Nilinyoosha mkono nikasema, lile ni ziwa. Walishukuru sana.

Uhuru ulipokuja wengi wao waliondoka kwa haraka. Mwenye nyumba alivuka kwenda upande wa pili wa ziwa, akatutumia salamu tuitunze nyumba hadi mambo yatulie. Tulibaki mpishi Daudi, mimi, na gari. Mara mojamoja alikuja bwana mkubwa mpya wa serikali na familia yake, au mapadre waliochoka. Papa Kashindi, macho yalipoanza kumpungukia, aliacha usukani akapewa barieri ya chini. Alisema ngoma haihitaji miwani.

Wakati huo nilikuwa nimemwoa Estere, binti wa kijiji cha Mutarule. Nilimpenda sana na sioni haya kuliandika. Shida ilikuwa zile siku nilizolala mlimani. Watu wa Kalundu walianza kujiuliza: wageni wamekwisha, sasa huyu mtoto wa ziwani, anayetetemeka hata kwa umande, anafuata nini kule juu? Jibu walilipata wenyewe. Walisema nina mwanamke wa kunitia joto. Estere aliniuliza, nikacheka. Hilo lilikuwa kosa, maana mtu mwenye haki anakasirika kwanza. Niliporudi safari iliyofuata nilikuta nyumba imefagiwa, sufuria zimepangwa, na mke amerudi kwao.

Nilikwenda Mutarule na baba yangu mdogo kuomba msamaha wa jambo ambalo sikulifanya. Baba mkwe alikuwa amekwisha kufariki, kwa hiyo neno lilikuwa la mama mkwe. Alizungumza akiwa ndani ya nyumba, sisi tukiwa uani, kama ilivyo desturi.

"Huyu ni mutoto wangu," sauti ilisema. "Ule shofere anasema anapelekaka bantu kule juu kuangalia. Kuangalia nini? Muntu anaacha shamba, anapanda mulima, anaangalia, anashuka. Iyo haiko kazi. Iko uongo."

Baba mdogo akasema taratibu kwamba kweli ni kazi, na kwamba kule hakuna mwanamke, hakuna kitu.

"Kama haiko kitu, banaangaliaka nini?"

Baba mdogo alinitazama mimi. Miaka yote niliwaambia wageni kwamba kule kuna mambo ya kuona, na sasa ndoa yangu ilitaka niape kwamba hakuna. Ndipo mdomo wangu, bila kuniuliza, ukasema: basi mama aje akaone mwenyewe, pamoja na Estere, kama watalii.

Vijana wa siku hizi mnakaa na wakwe zenu kwenye benchi moja mkinywa soda. Kwetu sisi haikuwa hivyo. Mama mkwe humwangalii usoni. Humpi mkono, huli mbele yake, hamzungumzi isipokuwa kwa kupitia mtu mwingine, na yeye jina lako halitamki. Ukikutana naye njiani unaingia majanini. Sasa niambieni, mtu wa namna hiyo unampandisha gari vipi?

Nilipata jibu nililoliona la akili sana. Nilifika Mutarule nikaegesha gari, nikatoka nikageuka kuangalia mashamba hadi niliposikia mlango wa nyuma umefungwa. Estere alikaa benchi la nyuma pamoja na mama yake. Nilirudi kwenye usukani nikiinamisha kichwa. Nikainua macho, na kumbe kioo cha ndani kinaniletea kitambaa cha kichwa cha mama mkwe, nusura na uso. Niliruka kama nimeguswa na moto. Nikakigeuza kioo chote kikaangalia paa la gari, nikahema, nikaondoka nikijisifu kwa heshima yangu.

Kwenye barieri Papa Kashindi alinisalimu, akawasalimu wakwe zangu kwa adabu, akapiga ngoma. Kioo hakukiona. Macho yake, nimewaambia.

Kona ya tatu nilisogea mbele, pua ikagusa mlima. Nikaweka vitesi ya nyuma. Kioo kilinionyesha paa. Kugeuza shingo kulikuwa vibaya zaidi, maana hapo ningemwangalia mama mkwe mzima mzima, tena kwa karibu. Nikasema barabara naijua. Nikarudi nyuma kwa kukadiria, nikingoja kusikia jiwe la Papa Kashindi. Jiwe lilikuwa pale pale lilipo siku zote. Mimi ndiye niliyepita pembeni yake.

Gari liliinama nyuma, likatulia. Gurudumu moja lilikuwa linazunguka hewani. Kokoto zilisikika zinashuka korongoni.

"Estere," sauti ya nyuma ilisema, bila haraka. "Umuulize ule shofere, ni hapa banaangaliaka?"

"Mama anauliza," Estere akaanza.

"Nimesikia," nikasema. "Umwambie mama hapana, ni mbele kidogo."

Walishuka kupitia mlango wa upande wa mlima, mmoja baada ya mwingine, mimi nimekanyaga breki kwa miguu yote miwili na kufumba macho, kwanza kwa woga, pili kwa heshima. Wanaume waliokuwa wakilima kwenye mteremko walikuja kuliinua gari. Mama mkwe alisema atamalizia kwa miguu. Nilimfuata nyuma kwa gari, polepole, nikiangalia visigino vyake tu, ambavyo desturi haikuvitaja.

Tulipofika Ku Baridi ukungu ulikuwa umekaa juu ya baraza kama mgeni aliyetangulia. Daudi alikuwa amevaa koti lake jeupe la zamani la mapokezi. Aliwawekea viti, blanketi na chai, akainama mbele yao kama alivyowainamia wazungu. Mimi nilijibanza nyuma ya nguzo.

"Sasa tunafanya nini?" mama mkwe aliuliza.

"Tunakaa, Mama," Estere akamjibu.

"Kisha?"

"Kisha tunaangalia."

Waliangalia. Kulikuwa na ukungu. Walikunywa chai wakaangalia tena, na ukungu ukazidi. Nilifurahi nyuma ya nguzo yangu. Siku zote niliuombea ukungu uondoke kwa ajili ya wageni, na siku ile niliuombea ukae, maana ulikuwa ukinitetea kuliko baba mdogo.

Baadaye mama mkwe aliomba aonyeshwe ninapolala. Daudi akampeleka gereji, kwenye kitanda changu cha kamba kati ya tairi kuukuu na madumu ya mafuta. Daudi alinisimulia kwamba aliinua blanketi langu, akalinusa, akalirudisha. Akamwambia Estere kwamba mwanamke wa kukubali kulala kwenye harufu ile hajazaliwa. Nilijua hapo nimeshinda. Kushinda kwa sababu ya kunuka si heshima kubwa, lakini niliipokea.

Laiti tungeondoka wakati ule. Ukungu ukafunguka. Bonde lote likatokea chini, mto umelala kama kamba iliyotupwa, na ziwa likimeta. Estere alisimama. Alisema ni kuzuri, akalisema kwa sauti ya chini, na hakumwambia mtu yeyote. Nami nilipoliona ziwa letu siku ile kwa macho yake, ndipo mara ya kwanza nikaelewa kidogo wale wageni walichokuwa wakikifuata. Daudi, ambaye hajui kuacha jambo linapokwenda vizuri, akamletea mama mkwe darubini.

Aliizungusha huku na huku. Akapata Sange. Akapata Mutarule. Akaituliza darubini hapo hapo.

"Mbuzi," alisema.

"Wapi, Mama?"

"Mbuzi ya jirani. Iko mu muhogo wangu." Akashusha darubini, akaiangalia, akaiinua tena. "Ingine mbili. Estere, umuambie ule shofere awashe gari. Sasa hivi."

Gari halikuwashwa, kwa sababu ngoma ya kushuka ilikuwa bado. Nilimtuma Estere aeleze habari ya barieri. Ilibidi mama mkwe akae kwenye kiti cha watalii, darubini machoni, akiangalia muhogo wake ukiliwa jani kwa jani hadi alasiri. Nadhani hakuna mtalii aliyewahi kuangalia kwa bidii namna ile.

Kushuka, kona ya tatu aliipita kwa miguu. Nilipowafikisha nyumbani alikwenda moja kwa moja kwa jirani, na kabla ya kuondoka aliacha neno kwa Estere. Kule juu kweli hakuna mwanamke, hilo ameliona. Lakini mtu anayeweza kurudi nyuma bila kuangalia anapewa mtoto wa watu vipi? Atafikiri.

Alifikiri kwa muda mrefu sana. Nilipeleka samaki, akapokea samaki. Nilimtuma baba mdogo, akampa baba mdogo chakula. Estere alinitumia salamu, lakini kwa mama yake nilibaki kuwa ule shofere. Halafu maasi yakaja, na kila mtu akaacha kufikiri.

Sitaeleza vita, waliovijua wanavijua. Waasi walipoishika Uvira walikuwa wakitafuta magari, kwa hiyo nililifungia la kwetu kule juu gereji, nikatoa kifuniko cha delko, kinachogawa moto kwenye plagi, nikakificha ndani ya gunia la muhogo. Kila aliyekuja kuliwasha alikuta limekufa. Mimi na Daudi tuliishi kwa viazi na uongo. Halafu siku moja asubuhi tulisikia milio mizito bondeni, na baadaye watu wakaanza kupanda kwa miguu wakiwa na magodoro vichwani. Walisema askari wa serikali wanateremka na barabara kubwa, waasi hawajaondoka, na Mutarule na vijiji vya jirani vinahama.

Nilirudisha kifuniko cha delko. Nilishuka asubuhi, wakati wa magari kupanda, bila ngoma, jambo ambalo sikuwahi kulifanya. Chini nilimkuta Papa Kashindi amesimama kwenye barieri yake, kila mtu akimpita mbio.

"Weye, nani alikupa njia?" akaniuliza kwa ukali.

"Papa, ninaenda kutafuta bibi yangu, Estere."

Kisha akainua ule mti. "Kwenda. Minye nitapiga ngoma. Leo barabara ni ya kupanda tu, siku yote."

Niliwakuta njiani, bado hawajafika Sange. Estere alikuwa amejitwika mzigo. Mama mkwe alikuwa anavuta mbuzi, mmoja wa wale wa darubini, ambaye jirani alilazimika kumtoa kama fidia ya muhogo. Niligeuka kuangalia mashamba hadi mlango ulipofungwa. Wengine waliingia pia, wazee, mama wenye watoto, hadi gari likajaa kama kikapu. Nilipokaa kwenye usukani niliinua mkono, nikakigeuza kioo kikaangalia paa. Bunduki zinalia nyuma yangu, na mimi nageuza kioo. Siwezi kuwaeleza kwa nini. Mkono ulijua desturi kuliko kichwa kilivyoijua hatari.

Papa Kashindi alitufungulia, na ngoma yake ilitufuata mlimani. Kwa wanaouliza, alifia kitandani kwake Sange, miaka mingi baadaye, akiwalalamikia madereva.

Kona ya tatu nilisogea mbele, pua ikagusa mlima. Nikaweka vitesi ya nyuma. Gari lilikuwa zito, mteremko una matope, na kuwashusha wote hatukuwa na muda, milio ilikuwa imekaribia barieri. Niliona paa. Nilijua jiwe liko mahali fulani. Nilijua pia kwamba Estere yuko kiti cha nyuma, upande wa korongo. Mguu wangu ulikataa kuachia breki. Nilikaa pale, mtu mzima, dereva wa mlima, nikiogopa kufa na nikiogopa kuangalia.

Mkono ulipita juu ya bega langu. Ulikuwa mkono mkavu, wenye udongo kwenye kucha. Ulikishika kioo ukakigeuza, polepole, hadi kikatulia.

"Yakobo," mama mkwe alisema. "Angalia nyuma."

Nikaangalia. Ndivyo nilivyouona uso wake mara ya kwanza. Ulikuwa na vumbi, na jicho moja lilikuwa dogo kuliko jingine, kama la Estere. Hakuyainamisha macho yake. Pembeni ya shavu lake kulikuwa na sikio la mbuzi, na nyuma ya sikio la mbuzi, kupitia dirishani, niliona jiwe jeupe. Nikaachia breki. Nilirudi nyuma nikiwaona wote pamoja, mkwe, mbuzi na jiwe, hadi gurudumu likagusa.

Gari likasimama. Mama mkwe akarudi kitini kwake, akavuta kitambaa chake mbele hadi kwenye paji la uso, akageukia dirisha.

"Estere," alisema, "umuambie bwana yako aende."